Sumu ya Muuza Kabichi

Kwa heshima na taadhima, mbele ya wote walioshiba na wanaosubiri kushiba, natangaza kwamba ukoo wetu ni ukoo wa mashujaa. Haujapata kushindwa vita. Adui akitugusa tunamfuata hadi mlangoni kwake, tunamshikisha adabu mchana kweupe, na watu wanatazama. Kusema kweli vita yenyewe ilikuwa moja, adui alikuwa muuza kabichi, na tulimkuta ameinama akifunga kamba za viatu. Baba alimshika kwa nyuma, Baba Mdogo akampiga nondo. Mkono ulivunjika, ukaungwa vibaya, ukapinda kama mpini wa birika. Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Kigosho, naye huitika, maana angefanyaje?

Kosa lake lilikuwa kumuua babu yetu. Babu alikufa kwa tumbo. Alikonda akabaki mifupa na matusi, na muda mfupi kabla hajaanguka kitandani alikuwa amekula kabichi ya yule bwana. Kabichi! Nyumbani kwetu mtu akionekana anatafuna jani, anaulizwa kama ana homa. Sisi ni watu wa nyama ya moshi. Babu alikula nyama ya moshi asubuhi, mchana na jioni maisha yake yote, kwa hiyo nyama haikushukiwa. Mgeni mdomoni mwake alikuwa mmoja tu, na mgeni ndiye mwizi.

Banda la moshi lilikuwa nyuma ya nyumba, duka likawa mbele, na sisi tuliishi katikati kama nyama ndani ya mkate. Kulikuwa na pipa la maji ya chumvi, safu za ndoano, na tanuri lililofuka moshi hadi kwenye mito ya kulalia. Vipande vizuri vilikwenda dukani. Zile ncha zilizoungua zikawa ngumu na nyeusi, ambazo mteja hazitaki hata kwa kubembelezwa, tulizila wenyewe. Tuliziita makaa. Nilipokwenda shule ya bweni nilibeba makaa sandukuni, na wenzangu waliniita Jiko. Baba naye kila asubuhi alichota kikombe kutoka kwenye pipa, akaonja kama chumvi imekolea, akameza. Hakutema. Alisema anayetema anachoonja hana imani na kazi yake.

Nilirudi likizo nikamkuta amefunga suruali kwa kamba ya katani.

"Mume wangu, kula," Mama alisema, akamsogezea sahani.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Tangu asubuhi umekunywa maji ya pipa tu."

"Ndiyo dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kuoza. Nyama ikitaka kuoza unaifanyaje?"

"Unaitia chumvi."

"Haya basi."

"Wewe si nyama."

"Mimi ni nini sasa, kabichi?"

Baba Mdogo alicheka hadi akapaliwa. Alikuwa amekula sahani yake na alishaanza kuitazama ya kaka yake kwa huruma. Mimi pia nilicheka, nikiwa na kaa moja shavuni. Mama hakucheka.

"Unatapika nyuma ya banda unafukia na majivu," alisema. "Ukitoka chooni unamwaga maji ndoo nzima, lakini naona. Choo cheusi kama lami. Twende hospitali."

Baba aliichukua ile sahani kwa utulivu kabisa, kama mtu anayetaka kuipeleka jikoni, akaivurumisha. Sijui alilenga ukuta au alilenga mke. Ilipasuka kwenye kizingiti cha mlango, na kigae kimoja kikamchana Mama juu ya jicho. Damu ilimshuka hadi kidevuni ikadondokea mezani, tone kwa tone, katikati ya chumvi na bilauri.

Mama alijifuta kwa ncha ya kanga. "Vizuri," alisema. "Sasa tunatoka damu wote wawili. Yangu angalau nyekundu."

*

Kilichompeleka Baba hospitali si hekima. Ilikuwa aibu. Duka lilikuwa limejaa, naye alikuwa anamkatia nyama fundi cherehani wa jirani, mama mmoja asiyekubali kipande mpaka akigeuze mara nne. Baba alisimama ghafla na kisu mkononi. Akafungua mdomo kama anayetaka kutaja bei, kikatoka kitu cheusi chenye chembechembe, kama machicha ya kahawa, kikamwagikia mizani.

Wateja walirudi nyuma. Fundi cherehani alitazama mizani, akamtazama Baba, akasema, "Kipande changu nilikuwa nimeshalipia."

"Chukua kingine," Baba Mdogo alimwambia.

"Kingine kutoka wapi? Vyote vimerukiwa. Nirudishie hela yangu."

"Mwanamke, mtu anakufa hapa!"

"Akifa nitakuja msibani. Hela yangu."

Baba Mdogo alimsukuma. Fundi cherehani akampiga kofi lililosikika hadi barabarani, kisha akamrushia kibuyu cha pilipili kilichokuwa kaunta. Mimi nilitoa hela kwenye droo nikampa, na nilimpa na pole, ambayo aliikataa. Mama hakushughulika nao. Alimshika Baba kwapani, akamtoa kwa mlango wa mbele, aproni ikiwa shingoni, ile takataka ikiwa kidevuni, mbele ya mtaa wote. Baba alisema angalau wapitie nyuma. Mama akasema nyuma hakuna hospitali.

*

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye miwani, na Baba alimwita "mwanangu" kwa sauti ile ya kumrudisha mtu darasa la kwanza. Huyo mwanangu alimpitishia kamera kooni mpaka tumboni, akakata vinyama vidogo, akavipeleka maabara. Majibu yalipotoka alituita chumbani, akafunga mlango.

"Mzee, ni saratani ya tumbo."

"Ni sumu," Baba alisema.

"Hapana. Ni saratani. Lakini bado haijasambaa, na sehemu iliyopo inaweza kukatwa. Ningependa tukate mapema."

"Nimelishwa sumu, mwanangu. Tafuta sumu."

Daktari alivuta kiti. "Unakula nini nyumbani?"

Mama ndiye aliyejibu, na alitaja yote: nyama ya moshi, makaa, kikombe cha pipa. Daktari aliandika kidogo, kisha akaacha kuandika akawa anasikiliza tu.

"Kuna kijidudu pia tumekikuta," alisema. "Kinaishi tumboni, watu wengi wanacho bila kujua. Chumvi nyingi kila siku inachubua ukuta wa tumbo, kijidudu kinapata nafasi. Vyakula vya kuhifadhiwa kwa chumvi na moshi vikiliwa miaka na miaka, matunda na mboga zikiwa hazipo, hatari inapanda. Siwezi kukuambia ni hiki peke yake kilichokuletea ugonjwa. Wapo wanaokula hivyo wasiugue. Kuna ndugu aliyewahi kuumwa hivi?"

"Baba yake," Mama alisema.

"Baba yangu aliuawa!" Baba alisimama, akagonga meza hadi kikombe cha kalamu kikaanguka. "Aliuawa na aliyemuua tunamjua! Wewe mtoto hujui hata kumenya kitunguu, unaniambia baba yangu aliuawa na nyama yake mwenyewe?"

"Sikusema hivyo, mzee."

"Umesema!"

Alitoka. Kwenye ukumbi wagonjwa walimpisha. Mama alimkimbilia akamshika shati, shati likachanika begani, na Baba akageuka amekunja ngumi. Nilidhani atampiga. Badala yake aliiegemeza ile ngumi ukutani, na paji la uso juu yake.

"Unaelewa anachotaka nikubali?" alisema kwa sauti ndogo. "Nikilala kwenye kitanda chao wanikate, maana yake nimekubali. Na nikikubali, nilimshika yule mtu akavunjwa mkono bure. Nilimshika mimi. Alikuwa analia anasema sijafanya kitu, nikamwambia mdogo wangu kaza."

"Kwa hiyo utakufa ili usiwe na kosa?" Mama aliuliza.

Baba alirudi nyumbani akachota kikombe.

*

Mama naye ana kichwa kigumu, ila chake kina mlango. Alianza kupika kabichi. Alimwambia Baba ni supu ya mifupa, akaikatakata hadi ikawa haina sura, na Baba aliyekuwa hana nguvu ya kubishana alikunywa vijiko viwili vitatu. Siku moja alivirudisha vyote, na kwenye beseni kikaonekana kipande cha jani.

Baba Mdogo alikiokota kwa vidole. Alikiinua kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti bandia.

"Shemeji. Hii ni nini?"

"Ni jani."

"La nani?"

Mama alikawia kidogo tu, na kule kukawia kulitosha. Katika mtaa wetu kabichi zinauzwa na mtu mmoja.

"Umeinunua kwa Kigosho," Baba Mdogo alisema polepole. "Alimuua baba, sasa anammaliza kaka, na wewe ndiye unayembebea sumu kwenye bakuli."

"Shemeji, alikuwa anatapika kabla ya kabichi!"

"Toka njiani."

Mama alimtangulia akasimama kwenye mlango wa banda la moshi. Baba Mdogo alimshika mabega akamtupa pembeni kama gunia, kiwiko cha Mama kikagonga tanuri likamuunguza. Nondo ilikuwa humo, ile tunayochochelea kuni. Aliichomoa ncha ikiwa bado ya moto, akatoka nayo.

Tulimfuata sote, kila mtu kwa mwendo wake. Mimi mbele, kwa maana bwenini nimejifunza kwamba ugomvi ukikukuta nyuma huoni kitu. Baba nyuma yangu, ameshika tumbo kwa mikono miwili kama anayebeba sufuria ya maji. Mama alirudi ndani kwanza.

Kigosho alimwona akija. Safari hii hakuwa anafunga viatu. Alisimama nyuma ya meza yake ya mboga na kisu cha kukatia vikonyo katika mkono mzima.

"Karibu," alisema. "Nilijua mtarudi. Nani anaumwa tumbo safari hii?"

"Umemuwekea nini kaka yangu?"

"Ndugu yangu, ningekuwa na sumu ningeanza na wewe. Ningekupa bure, na mfuko wa kubebea."

Nondo ilishuka kwenye meza. Kabichi zilipasuka, nyanya zikaruka, mwanamke aliyekuwa akichagua karoti alipiga yowe akakimbia nazo. Pigo la pili lilimpata Kigosho begani, upande uleule wa mkono uliopinda. Alianguka juu ya makreti. Alikizungusha kisu juu kwa juu, kikamchana Baba Mdogo kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Baba Mdogo hakuhisi hata. Aliinua nondo kwa mikono miwili, na wote tuliokuwa pale tulijua kwamba safari hii hashushi kwenye mkono. Analenga kichwa.

Mama alifika na ndoo. Alikuwa ameichota kwenye pipa, imejaa, na sijui aliikimbizaje bila kumwaga. Alimmwagia shemeji yake maji yote ya chumvi usoni.

Mlio alioutoa Baba Mdogo sijausikia tena kwa kiumbe chochote. Chumvi iliingia machoni, ikaingia kwenye lile jeraha la mkono. Aliitupa nondo akapiga magoti, akajisugua macho, na kadiri alivyojisugua ndivyo alivyozidi kulia.

"Mnaona inavyofanya kwenye kidonda?" Mama alipiga kelele, akimtazama Baba. "Hii ni ndoo moja tu! Wewe unaimimina kwenye kidonda kila siku!"

Baba aliinama taratibu akaiokota nondo. Watu walirudi hatua nyuma. Kigosho alijikokota kwa makalio mpaka akafika ukutani, kisu kimemponyoka.

"Nataka kuuliza kitu kimoja," Baba alisema. "Uliweka nini kwenye kabichi ya baba yangu?"

"Maji."

"Usinitanie."

"Maji! Nilikuwa nazimwagia maji zionekane zimechumwa leo. Ilikuwa ya juzi. Hiyo ndiyo dhambi yangu, nimemuuzia baba yako kabichi ya juzi." Kigosho alianza kucheka, kicheko cha mtu anayetoka machozi. "Alikuja mwenyewe. Aliniambia nyama haipiti tena, nimpe kitu laini. Alikuwa anaumwa tayari, pumbavu wewe! Kila mtu hapa alimwona anaumwa, ila nyinyi!"

Baba alisimama hapo. Halafu aliilaza nondo chini, kwa uangalifu, kama kitu cha udongo.

"Yule mtoto," alimuuliza Mama. "Yule daktari. Alisema wanakata wapi?"

Mama alijigusa tumbo, akamwonyesha.

"Na mkono wangu?" Kigosho aliuliza kutoka chini. "Mkono wangu nao wanakata wapi? Eh? Niambie basi!"

Baba alifungua mdomo amjibu. Nadhani alikuwa na neno, na nadhani lilikuwa neno zuri. Lakini tumbo halikumngoja. Alitapika juu ya kabichi chache zilizobaki nzima.

"Na hizo utalipa," Kigosho alisema.

*

Walimkata. Waliondoa sehemu kubwa ya tumbo, wakaunganisha kilichobaki, na Baba akarudi nyumbani na mshono kutoka kifuani hadi kitovuni, mwepesi hivi kwamba Mama alimshusha garini peke yake. Sisi wengine tulipimwa kile kijidudu. Mimi na Mama tulikuwa nacho, tukapewa vidonge vya kukiua. Baba Mdogo alikataa kupimwa. Alimwambia muuguzi kwamba tumbo lake ni mali yake binafsi. Kigosho alifungua kesi, na Baba akatuma ujumbe polisi kwamba akipata nguvu ya kusimama atakwenda mwenyewe kuieleza yote, na ile ya zamani pia. Baba Mdogo aliposikia hivyo hakuongea na kaka yake tena. Alikuwa anaingia banda la moshi asubuhi, macho bado mekundu, anatoka jioni.

Ndani Mama alitawala. Chakula kilikuja kidogo kidogo katika bakuli la mtoto: viazi vilivyopondwa, papai, supu isiyo na chumvi. Ndoo ya pipa aliitoboa kwa msumari. Neno moshi lilikatazwa mezani.

Baba alikula bila kulalamika, na hilo ndilo lililotisha. Hakurusha hata kijiko. Alikuwa amekaa dirishani, pua imeelekea banda, machozi yanamtoka, na ukimuuliza anasema ni upepo.

Halafu alianza kuumwa. Ilikuwa mchana, Mama akiwa amempa bakuli lake kama kawaida. Alikunja magoti, jasho likamtoka hadi godoro likalowa, akatapika viazi, akatapika papai, akaendelea kutapika wakati hakuna kilichobaki. Alikuwa wa rangi ya majivu. Katika beseni, katikati ya ule ute, kulikuwa na kipande cheusi, kigumu, hakijasagika.

Mama alikitazama kwa muda mrefu. Alikuwa anakijua. Katika nyumba yetu hata kipofu angekijua.

Alitoka kwenda nyuma, bandani. Niliposikia kelele nilikimbia, nikamkuta Baba Mdogo chini karibu na tanuri, damu ikimtoka sikioni, na Mama amesimama juu yake na nondo ileile.

"Umempa! Banda ni lako, moto ni wako, nani mwingine? Umemnyamazisha asiende polisi!"

"Shemeji, naapa sikumpa!"

"Umemlisha sumu mume wangu!"

"Sijaingia chumbani kwake tangu alipotoka hospitali! Naapa kwa kaburi la baba!"

Alimpiga mbavuni. Kitu kililia ndani, kama ukuni mkavu. Baba Mdogo alijikunja, akaweka mikono kichwani, na kwa yale macho yake mabovu akawa anatafuta mtu wa kumsaidia. Akaniona. Hakunitazama usoni. Alitazama mfuko wa shati langu, shati jeupe la shule, ambapo doa la mafuta lilikuwa limetanda kubwa kama kiganja.

"Shemeji," alisema. "Geuka."

Mama aligeuka. Alitazama lile doa. Nililifunika kwa mkono, na ulikuwa ujinga, maana mkono nao ulikuwa mweusi.

Nilikuwa na maneno mengi tayari. Nina kipaji hicho. Ningeweza kusema ni wino, ni grisi ya baiskeli, ni makaa yangu mwenyewe ya kula. Nondo ilikuwa bado juu, na Baba Mdogo alikuwa bado chini yake.

"Nilimpa mimi," nilisema. "Aliniomba kipande anuse tu. Nikaona ni mchezo, kukupita wewe mlangoni kama tunavyompita mwalimu wa zamu. Alivyokishika alicheka, Mama, hajacheka tangu wamkate. Kesho yake sikungoja aniombe. Leo pia. Baba Mdogo hajui kitu, nilikuwa naviiba akiitwa dukani. Mwache. Ni mimi."